Mwenzangu ameondoka, je, yaya nimlipe nusu?

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kimyakimya, leo na mimi yamenifika.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Nilipokaribia kurudi kazini, jirani yangu, ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi, naye alikuwa anatafuta yaya. Tukaona badala ya kila mtu kuhangaika peke yake, tumtafute mmoja tumlipe pamoja. Tukampata dada mmoja mtulivu, ana uzoefu, watoto wakamzoea upesi. Wiki hii anawalea kwangu, wiki ijayo kwa jirani. Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Hatukuandikiana chochote. Tulikubaliana sebuleni tukicheka, na kwa miezi kumi hapakuwa na neno.

Fedha zenyewe nisizitaje, lakini ili unielewe, tuseme yaya wa mtoto mmoja kwa muda huo hulipwa 100. Sisi kila nyumba ilitoa 65, yeye akapata 130. Sisi tuliokoa, yeye alipata zaidi, kila mtu akaridhika.

Mwezi uliopita mume wa jirani akapata uhamisho. Wakafunga mizigo haraka haraka. Yaya alijua siku nne tu kabla hawajaondoka. Jirani akamlipa 65 yake ya mwezi ule, akamkumbatia, wakaagana.

Mwezi huu wote amekuwa na mwanangu peke yake. Siku ya mshahara mume wangu akasema tumpe 65 kama kawaida. "Mtoto sasa ni mmoja, kazi imepungua nusu, na sisi hatujampunguzia hata senti." Nikaona ana hoja. Nikampa yaya bahasha. Akachungulia ndani, akaikunja, akaitia mkobani, akasema asante. Nikamuuliza kama ana neno. Akajibu, "Mtakavyoona wenyewe, mama." Tangu siku hiyo silali vizuri.

Dada yangu ninayemfuata ananiambia nimemdhulumu mtu, nilitakiwa kumlipa 130 yote. Shangazi, hatuwezi. Hata hiyo 100 tutaisikia.

Kuna mambo mengine mawili. Kwa kuwa sasa ana mtoto mmoja tu, nimemwomba anifulie na kupiga pasi nguo za nyumba nzima, maana muda anao. Na kuna mama mwingine hapa karibu, ana watoto wawili, wa miaka miwili na mitatu, anataka tuungane naye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Mume wangu amefurahi, anasema huyo atoe nusu nasi turudi tulipokuwa. Ndivyo inavyohesabiwa?

Nilisahau: yaya hajaenda likizo tangu aanze.

Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Mama Nisiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Hujalala kwa sababu ulimwona akiikunja ile bahasha. Mumeo hakumwona, ndiyo maana yeye analala. Basi leo nitazungumza zaidi na hesabu yake kuliko na wewe, maana wewe jibu unalo tayari.

Mumeo anahesabu vichwa vya watoto. Yaya yeye hauzi vichwa, anauza siku yake. Saa moja asubuhi yuko mlangoni kwako, saa kumi na moja na nusu jioni ndipo anashika njia ya kwake, na katikati hapo hawezi kwenda popote wala kufanya kazi ya mtu mwingine. Hilo lilikuwa hivyo watoto walipokuwa wawili, na liko hivyohivyo leo akiwa na mmoja. Saa zake hazikupungua hata dakika moja. Kilichopungua ni idadi ya nyumba zinazozilipia. Mkipanga nyumba watu wawili na mwenzako akahama, mwenye nyumba hakupunguzii kodi kwa kuwa umebaki na kitanda kimoja. Kitu ulichokuwa ukikipata kwa bei ya kuchangia, sasa unakipata peke yako.

Kwa hiyo ile 65 haikuwa mshahara wa yaya kwa mtoto mmoja. Ilikuwa mchango wako kwenye mshahara wa 130, na ulipata nafuu ya 35 kwa sababu jirani alikuwepo. Jirani ameondoka na nafuu yake. Mkiendelea kutoa 65, nafuu hiyo haijabaki hewani, mmemhamishia yaya ailipe yeye. Kipato chake kimekatwa nusu kwa mwezi mmoja, kwa saa zilezile, bila mtu yeyote kumuuliza.

Tena kuwa mwangalifu. Nchi nyingi zina kima cha chini cha mshahara, na baadhi zimewaingiza wafanyakazi wa nyumbani humo. Chukua hiyo 65 uigawe kwa saa anazofanya, kisha ulinganishe na sheria ya mahali ulipo. Usishangae ukikuta mmeangukia chini ya mstari.

Sasa dada yako. Namheshimu kwa moyo wake, ila naye amepitiliza. Ile 30 ya juu ilikuwa na sababu zake: mtoto wa pili, kuhamahama nyumba kila wiki, mabosi wawili wenye maagizo mawili. Sababu hizo zimeondoka, na si dhuluma mshahara ukizungumzwa upya na kushuka kuelekea 100. Dhuluma iko katika namna ya kuushusha. Mtu aliyezoea 130 amepanga maisha yake juu ya 130, ana kodi na pengine ana watoto wake mwenyewe wanaolelewa na mtu mwingine ili yeye aje kulea wako. Huwezi kumshusha leo kwa leo. Anayelipwa kwa mwezi mpe notisi ya mwezi, akijua kuanzia tarehe fulani itakuwa kiasi fulani, ili kama hapendi atafute kwingine wakati bado anakula.

Notisi hiyo kwa haki ilitakiwa kutoka kwa jirani yako. Siku nne si notisi. Kukumbatiana ni jambo jema, lakini hakujawahi kulipa kodi ya mtu. Mlikuwa waajiri wawili wa mtu mmoja, na anayejitoa kwenye mpango wa namna hii anabaki na deni la mwezi wake wa notisi, yaani 65. Kama angelilipa, mwezi huu yaya angepata 65 yake na 65 yenu, na bahasha ya mumeo ingekuwa sahihi kabisa. Ila hakulipa, na ninyi mkafanya kana kwamba amelipa.

Fanya hivi. Leo, kabla ya mazungumzo yoyote, mwongezee yaya 35 ifike 100. Usimsubiri jirani. Huyu dada amefanya mwezi mzima kwa mwanao peke yake, na hiyo ni bei uliyonitajia mwenyewe. Halafu mpigie rafiki yako, umwambie bila kuzungukazunguka kwamba kuna mwezi wa notisi haujalipwa. Akituma 65 yake, 30 iende kwa yaya afikie 130 yake ya zamani, na 35 irudi kwako. Asipotuma, hasara ya 35 imekukuta wewe, na hiyo 30 iliyobaki utapima mwenyewe na dhamiri yako. Ila yaya asihusishwe katika kudai. Asitumwe salamu wala asiambiwe "mkumbushe na wewe." Deni la marafiki wawili lisifanywe kesi ya mfanyakazi wao.

Kuanzia mwezi ujao, 100 ndiyo sakafu. Ningekuwa mimi ningefika 105 au 110, kwa sababu amefanya miezi kumi, mtoto amemzoea, na yaya mpya utamlipa hiyohiyo 100 huku mtoto akilia wiki tatu. Lakini umesema 100 yenyewe mtaisikia, nami nakuamini. Basi kuna mlango mwingine, nao umeufungua wewe mwenyewe pasipo kujua.

Uliandika saa zake. Saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu ni saa kumi na nusu kwa siku. Zidisha mara tano, ni saa 52 na nusu kwa wiki. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, liliweka ukomo wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kwa wafanyakazi wa viwandani. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na yaya wako bado anamzidi mfanyakazi wa kiwandani kwa saa nne na nusu kila wiki, karibu saa 20 kwa mwezi. Najua utaniambia anakaa mtoto akilala. Mkataba namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, umelizungumzia hilo: muda ambao mfanyakazi hayuko huru kuutumia apendavyo, anakaa tayari kuitwa, unahesabiwa kuwa muda wa kazi kwa kiwango kinachowekwa na sheria za nchi. Si kila nchi imeuridhia, lakini mtoto mwenye mwaka mmoja na miezi miwili hamwachi mtu akawa huru hata akiwa usingizini.

Kwa hiyo, kama fedha ya kuongeza haipo, mwongezee muda wa kuwa huru. Mpe 100 ileile, lakini aondoke saa kumi na nusu. Wiki yake itakuwa saa 47 na nusu, na kila saa yake itakuwa imepanda thamani kwa zaidi kidogo ya asilimia kumi bila wewe kutoa senti. Mtoto apokelewe na baba yake, kwa kuwa ndiye mwenye hesabu nyumbani.

Na kama hata 100 haiwezekani, basi msinunue siku nzima kwa bei ya kipande. Kwa 65 mnapata asilimia 65 ya saa, yaani kama saa 34 kwa wiki. Hizo ni siku tatu kamili na asubuhi fupi ya siku ya nne. Siku nyingine ziwe zake kweli, atafute nyumba nyingine ya kufanyia kazi. Usimpe siku tatu halafu umwambie "siku zile nyingine kaa karibu, naweza kukuita." Ukimtaka akae karibu, mlipe kwa kukaa karibu.

Nguo sasa. Hapa nilitabasamu, si kwa furaha. Mumeo anasema kazi imepungua nusu ndiyo maana malipo yamepungua, nawe papo hapo umemjazia kapu la nguo. Mchague moja. Vifuniko vya kitanda cha mtoto, nguo zake, vyombo vyake, hivyo vinaambatana na ulezi na sidhani kuna yaya atakayelalamika. Mashati ya mumeo ni kazi nyingine. Kama anakubali, iwe na malipo yake, na ifanywe mtoto akiwa na mtu mwingine, kwa maana pasi ya moto na mtoto anayejifunza kutembea havikai chumba kimoja. Kama hakubali, kapu lirudi kwako.

Huyo mama wa watoto wawili ndiye anayenitia wasiwasi kidogo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Mumeo anasema atoe nusu. Kwa nini atoe nusu wakati atakuwepo saa 18 tu kati ya 52 na nusu? Na kwa nini wewe utegemee kurudi kwenye 65? Tenganisheni saa za pamoja na saa za peke yako. Saa 34 na nusu yaya atabaki na mwanao tu, hizo ni zako kwa bei kamili. Zile saa 18 atakuwa na watoto watatu, wote chini ya miaka minne, kwa hiyo bei ya saa haiwezi kubaki ileile. Tuseme saa ya mtoto mmoja ni 1, saa ya watoto watatu iwe 1.5. Katika hiyo 1.5, yeye mwenye wawili atoe 0.9, wewe mwenye mmoja utoe 0.6. Kwa wiki wewe utatoa 45.3 badala ya 52.5, yeye 16.2, na yaya atapata 61.5. Ukirudisha kwenye lugha yako ya 100, wewe unashuka hadi kama 86 na yaya anapanda hadi 117. Nafuu yako ni 14, mwanangu. Si 35, wala si nusu. Mnaweza kuvutana juu ya hiyo 0.9 na 0.6, wengine hugawa kwa nyumba badala ya watoto, lakini msivutane juu ya 1.5 ya yaya. Yeye ndiye atakayekuwa na mmoja mgongoni, mmoja chooni na mmoja juu ya kiti.

Ya pili ni yeye mwenyewe. Umeniuliza mimi, mumeo ameshafurahi, huyo mama wa watoto wawili anasubiri. Yaya ameulizwa? Anaweza kukwambia watoto watatu wa umri huo hawawezi kwa usalama, na akisema hivyo msikilize, kwa kuwa ndiye atakayekuwa nao. Akikataa, hilo lisiwe sababu ya kumpunguzia mshahara.

Likizo nisiicheleweshe. Ameshafanya miezi kumi, na siku alizokwisha kuzipata kwa haki zihesabiwe kwa mshahara aliokuwa akizipatia, yaani 130 kwa muda ule mliokuwa wawili. Jirani ana fungu lake hapo pia. Mtajie katika simu hiyohiyo ili usimpigie mara mbili.

Mazungumzo na yaya yafanye wewe, mchana, mtoto akiwa amelala au yuko na baba yake, mmekaa wote. Usimfanyie mlangoni akiwa ameshika mkoba. Anza na bahasha: "Mwezi huu nilikulipa pungufu, nilikosea, hii hapa iliyobaki." Usiongeze maelezo ya uhamisho wala ya hali kuwa ngumu, ataona unamwomba akuhurumie. Kisha mpe mapendekezo mawili au matatu ya mwezi ujao yakiwa na saa zake na kiasi chake, umwambie akafikirie siku mbili. Ile "mtakavyoona wenyewe" aliyokujibu usiichukue kuwa amekubali. Mtu ambaye anayemwuliza ndiye anayemlipa hujibu hivyo akiwa hajui akisema ukweli kesho ataitwa kazini au la. Akirudi na kiasi chake mwenyewe, shukuru, maana sasa mnazungumza.

Na safari hii andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, nanyi mmeona. Ule mkataba wa 2011 unataka mfanyakazi wa nyumbani ajue masharti yake kwa njia iliyo wazi, na ikiwezekana kwa maandishi: mshahara na lini unalipwa, saa za kawaida, mapumziko ya kila wiki, likizo, aina ya kazi, notisi. Ukurasa mmoja unatosha, nakala mbili, moja yake. Mkiungana na nyumba nyingine, ongeza mistari ambayo mngekuwa nayo tangu mwanzo leo usingeniandikia: nyumba moja ikijitoa, inatoa notisi ya mwezi na kuulipa, mtoto mmoja akiumwa au familia ikisafiri, mchango wake haukatwi, kwa sababu yaya amekuja, mtoto akiongezeka, bei inazungumzwa kabla hajaletwa. Hilo la safari huwa linawagombanisha watu kuliko hata uhamisho.

Inawezekana baada ya yote haya akakwambia amepata pengine. Usimshike kwa machozi ya mtoto. Mlipe siku zake za likizo, na mwandikie barua nzuri ya kumpendekeza, yenye tarehe, umri wa watoto na kazi alizofanya. Mtumie na rafiki yako aisome, naye atie sahihi. Hiyo haimgharimu kitu, ataitikia siku hiyohiyo.

Shangazi